Humu Mna Maji

Watu watano walishuka chini ya Mlima Rungwe, wakaingia katika ukumbi wa mawe uliojaa mvuke, na hakuna aliyefungua kinywa. Ambakisye, kiongozi wao, aliinua mkono wa kulia. Kabla mkono haujafika juu, Lugano alikuwa ameshamwekea spana kubwa kiganjani. Wawili walikuwa wameinua mfuniko wa Bomba Kuu, na wa tano alikuwa ameelekeza taa pale ambapo mwenzake alitaka kutazama, kabla mwenye macho hajajua kuwa anataka. Koki mbovu ikatoka. Koki mpya, nzito kuliko mtu mzima, ikaingia mahali pake kama yai linavyorudishwa kwenye kiota. Watu hawakugongana, hawakuitana, hawakugeuka nyuma hata mara moja.

Juu kabisa, katika Chumba cha Uangalizi, Mhandisi Subilaga Mwambene alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa nuru akiwatazama. Kazi ile alikuwa ameiona mara nyingi, lakini vinyweleo vya mikono vilimsimama kama siku ya kwanza.

"Sifa kwa Mungu," alisema Bwana Gwamaka Mwasomola, Mkuu wa Kituo, akiwa kando yake. "Mtu akiangalia jambo kama hili anatamani avue viatu."

Kitu kilichowafanya watano wawe kama vidole vya mkono mmoja kiliitwa utaji. Ulikuwa utando mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, uliofunika uso kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Utaji ulipokea kila kilichoonwa na macho ya mvaaji, kila kilichoingia masikioni mwake, hata mapigo ya moyo wake, ukavipeleka kwa Mratibu, mashine yenye akili iliyoishi ndani ya kuta za kituo. Mratibu aliviunganisha vyote vikawa picha moja, kisha akairudisha picha hiyo kwa wote kwa wakati mmoja. Hivyo kila mmoja aliona kwa macho kumi. Hata mwamba ukiwatenganisha, mwenzako alionekana ndani yake kama umbo la nuru, anapumua, anatembea, yupo.

Subilaga ndiye aliyeubuni. Alikuwa na sababu. Zamani, kituo kilipokuwa kichanga na watu wakifanya kazi kwa kupigiana kelele, baba yake alifia ndani ya mlima ule. Mtu wa lango alisikia kengele akaamini wote wametoka, akafungulia mvuke. Mpiga kengele naye alimaanisha kwamba wote wameingia. Hakuna aliyekuwa mzembe siku ile. Kila mtu alijua jambo la kweli, ila alijua kipande chake tu, na vipande havikukutana. Lugano, mdogo wake Subilaga, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yao alipofariki naye, Subilaga alimlea, akamsomesha, akamwoza. Na moyoni aliweka nadhiri kwamba chini ya mlima ule hatakufa tena mtu kwa sababu mwenzake hakujua yuko wapi.

Sasa jiji zima la Tukuyu liliishi kwa mvuke ule. Mashamba ya chai yalipanda ghorofa juu ya ghorofa hadi kwenye mawingu, na roboti wachuma chai waliyapitia mvua na jua. Gari-waya zilipita juu ya migomba. Jumatatu ijayo ujumbe wa serikali ungefika kutoka Dodoma kuukagua utaji, ili wavae wazima moto, madaktari wa upasuaji na marubani nchi nzima.

Mchana ule kikosi kilipanda juu, kikanawa, kikaenda kantini. Aliyepika pale ni Bi Sikujua, mwanamke wa Tanga aliyekuja Tukuyu kwa ndoa, akafiwa na mume, akabaki kwa ajili ya hali ya hewa, au ndivyo alivyopenda kusema. Subilaga alikaa nao, maana alipenda kuwasikiliza.

"Nipe chumvi hiyo hapa," alisema Lugano.

Chumvi ilikuwa mwisho wa meza, mbele ya Ambakisye.

"Hapa wapi, we mwanaume?" Bi Sikujua alimgeukia na upawa mkononi. "Hapo pako hapana chumvi. Hapo pana kiwiko chako tu, na kimeloa mchuzi."

Meza ilicheka.

"Na huyu mkubwa wao ndiye baba lao," aliendelea, akimwelekezea Ambakisye upawa. "Jana kanambia, 'Bi Sikujua, mgeni yuko hapa.' Nikatazama huku, nikatazama kule, nikachungulia na chini ya meza. Kumbe mgeni yuko getini, ananyeshewa!"

"Tumezoea, mama," Ambakisye alijitetea. "Kule chini kila mahali ni hapa."

"Mungu katugaia hapa, hapo na pale. Akatupa huku, huko na kule. Akaona bado, akaongeza humu, humo na mle. Nyie Wanyakyusa mmeyapika yote na ndizi mkayala, mmebaki na moja!"

"Na nyie watu wa Tanga mnayo yote," Lugano alimjibu, "lakini mkiitwa kazini, hakuna aliye hapa, hapo wala pale."

Bi Sikujua alicheka mpaka akaweka upawa chini. Subilaga naye alicheka. Lakini katikati ya kicheko aliona jambo. Lugano alinyoosha mkono mbele yake, akafumba vidole polepole juu ya meza tupu. Ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha Ambakisye tu ambaye, kwa kunyoosha mkono hivyo, angeikuta chumvi. Lugano alitazama mkono wake mtupu, akatabasamu, akainuka kuifuata chumvi kwa miguu.

Subilaga alikumbuka maneno ya Atupele, mke wa Lugano. "Wifi," alikuwa amemwambia wakitoka ibadani, "mdogo wako jana alisimama katikati ya sebule akaniuliza, 'Mama Neema, mimi niko wapi?' Nikadhani utani. Nikacheka. Yeye hakucheka."

"Ni uchovu, wifi," Subilaga alikuwa amejibu. "Mpikie uji mzito, apumzike."

Aliomba kila siku kwa ajili ya kikosi chake, asubuhi na jioni. Lakini aliomba mvuke usiwaunguze na miamba isiwaangukie. Kuhusu utaji hakuomba kitu, ila kushukuru.

Siku ya Jumamosi kikosi kilirudi chini kukaza koki ile mara ya mwisho. Mfuniko wa Bomba Kuu ulikuwa wazi. Wawili walikuwa upande wa mlango, Ambakisye karibu nao, mwingine kwenye ngazi, na Lugano peke yake upande wa mbali, akishika mwisho wa mnyororo. Ndipo ardhi ilipotikisika.

Tukuyu ilizoea mitetemo. Vikombe huruka kidogo, watu husema "Ee Bwana," maisha yanaendelea. Huu haukupita hivyo. Ukuta wa nuru ulimeta, ukajaa vumbi, na sauti ya mwamba ukipasuka ilipanda hadi Chumba cha Uangalizi kupitia miguu ya watu, si masikio. Vumbi lilipoanza kutua, Mratibu alisema kwa sauti yake tulivu:

"Wanne wamefika Chumba cha Hifadhi. Wako hai. Mmoja, Lugano Mwambene, yuko ukumbini, nyuma ya mwamba ulioanguka. Yuko hai. Msukumo wa mvuke unapanda. Paa la ukumbi halitastahimili. Ninapendekeza mvuke uachiwe mara moja kupitia Bomba Kuu."

Njia za kuutoa mvuke zilikuwa mbili. Bomba Kuu liliuvuta nje ya mlima, upande wa porini, hata mfuniko ukiwa wazi, usimdhuru mtu. Bomba la Mji liliupeleka kwenye mitambo ya umeme. Mvuke wa kawaida uliizungusha mitambo ile taratibu. Mvuke wa siku ile ungeivunja, na jiji lingekaa gizani kwa miezi.

Bwana Mwasomola aliweka mkono kwenye usukani wa Bomba Kuu.

"Subiri, Mkuu," alisema Subilaga.

Alikuwa anatazama umbo la nuru la mdogo wake, limeketi nyuma ya mwamba, linapumua. Lilikuwa zuri. Halikuwa na vumbi hata kidogo.

"Lugano!" aliita katika chombo cha sauti. "Unanisikia?"

"Nakusikia, Dada."

"Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, na wenzangu. Namwona Ambakisye kasimama mlangoni. Kaumia kidole. Mwambie asikiguse."

Bwana Mwasomola alipumua kwa nafuu. "Umesikia? Yuko ukumbini. Anaona mlango."

"Ambakisye yuko Chumba cha Hifadhi," alisema Subilaga. "Katikati yao kuna mwamba mkubwa kama kanisa. Lugano haoni mlango kwa macho yake, Mkuu. Anaona kwa macho ya wenzake."

"Watu wanne wanamwona pale. Mashine inamwona pale. Yeye mwenyewe anasema yuko pale!"

"Hajasema pale. Amesema hapa."

Bwana Mwasomola alimtazama kama mtu anayemtazama mfiwa. Alikuwa mtu mwema, na alijua baba yake Subilaga alivyokufa. "Subi, mwanangu," alisema kwa upole, "paa litaanguka. Tukikawia tunamuua sisi wenyewe."

Subilaga aligeukia ukuta. "Mratibu, kifaa cha mahali cha Lugano kinasemaje?"

"Kimezimika tangu mtetemo. Nafasi yake nimeikadiria kutokana na fahamu ya pamoja."

"Nani alikuwa wa mwisho kumwona kwa macho yake ya nyama?"

Mratibu aliirudisha picha nyuma, kisha akairudisha tena.

"Swali hilo sina jibu lake," alisema. "Sitenganishi macho."

Ndipo Subilaga alipoelewa. Mratibu alikuwa amemchora Lugano nyuma ya mwamba kwa sababu wenzake waliamini yuko pale. Na wenzake waliamini yuko pale kwa sababu walimwona, amechorwa na Mratibu. Picha ilikuwa inajishuhudia yenyewe. Vipande vyote vilikutana vizuri kabisa, ila mtu mwenyewe hakuwemo.

"Lugano," alisema. "Vua utaji."

"Hapana, Dada."

"Vua, baba. Acha kisikizi tu sikioni."

"Nikivua nitabaki peke yangu."

Kwenye ukuta, kipimo cha msukumo kilikuwa kinageuka kutoka rangi ya machungwa kwenda nyekundu. Bwana Mwasomola hakuwa ameondoa mkono kwenye usukani.

"Hutabaki peke yako," alisema Subilaga. "Wewe uko huko. Mimi niko huku. Nakusikia. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyokuwa, Lugano. Vua."

Kisha ikasikika sauti kama ya karatasi inayobanduliwa, na pumzi ya mtu aliyetumbukizwa kwenye maji ya baridi.

"Dada! Sioni kitu! Wamekwenda wote!"

"Hawajaenda. Tulia. Niambie kulivyo."

"Giza. Giza tupu."

"Gusa. Niambie unachogusa."

"Sijui…" Alikuwa analia sasa, mtu mzima, baba wa mtoto. "Kichwa kinaniuma. Humu mna joto, Dada. Humu mna maji, yamenifika magotini…"

"Umesemaje?"

"Nimesema mna maji. Humu mna maji."

Subilaga alifumba macho. Miezi mingi hakuwa amelisikia neno lile kinywani mwa mdogo wake. Utaji ulipobanduka, ulimi wake ulikuwa umerudi nyumbani kabla ya akili, ukasema ulichojua tangu utotoni. Mtu aliye katika ukumbi mpana kama ule husema hapa pana maji. Mtu aliye mtaani husema huku kuna maji. Lakini aliyezungukwa, aliyefunikwa, aliye ndani ya kitu kama mbegu ndani ya ganda, huyo husema humu mna maji.

"Gonga ukuta, Lugano. Gonga kwa spana yako."

Ngo! Ngo! Ngo! Ilikuwa sauti ya chuma. Mwamba hauna sauti ile.

"Ukuta umenyooka au umepinda?"

"Umepinda. Umezunguka kote, mpaka juu. Dada…" Naye sasa alikuwa ameelewa. "Dada, niko ndani ya bomba."

Baadaye ilijulikana ilivyotokea. Ardhi ilipotikisika wote walikimbia. Mbele ya macho yake Lugano aliuona mlango, mkono wa kushoto. Lakini mlango ule ulikuwa kushoto kwa Ambakisye. Kushoto kwa Lugano palikuwa na mdomo wa Bomba Kuu, wazi. Alikimbia kwa macho ya mtu mmoja na miguu ya mwingine, akatumbukia, akateleza hadi chini kwenye kona, na hata alipoanguka aliendelea kujiona amesimama salama mlangoni na wenzake.

Bwana Mwasomola aliondoa mkono kwenye usukani kana kwamba umemwunguza. Aliutazama mkono ule. Kisha, bila kuuliza tena, alivuka chumba na kuushika usukani wa pili, wa Bomba la Mji. Midomo yake ilikuwa inasali. Akauzungusha mpaka mwisho.

Watu wa Tukuyu waliokuwa nje alasiri ile hawatasahau. Kwanza ukasikika mngurumo kutoka kwenye nyumba ya mitambo. Halafu paa lake likafunguka, na nguzo ya mvuke mweupe ikapanda, nene, imenyooka, ikaingia mawinguni na kuendelea kupanda. Gari-waya zikasimama juu ya migomba, zikining'inia. Roboti wachuma chai, ghorofa kwa ghorofa, waliganda mikono yao ikiwa ndani ya majani. Jiji ambalo halikuwahi kunyamaza likanyamaza. Kisha mvuke ukaanza kurudi chini kama mvua ya vuguvugu, na watu wakasimama barabarani nyuso juu, wengine wamepiga magoti kwenye lami, wakilowa, bila kujua walikuwa wanaona kuokoka kwa mtu mmoja.

Kule chini, Ambakisye aliubandua utaji wake akautupa. Alijifunga kamba kiunoni, akazunguka kwa njia ya matengenezo, akaingia kwenye Bomba Kuu kwa tumbo. Subilaga alimsikia akiita, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeita.

"Lugano! Uko wapi?"

"Humu!"

"Humo wapi?"

"Humu mbele yako! Njoo taratibu, mna mteremko!"

"Naja! Usinyamaze! Endelea kusema!"

Na Lugano hakunyamaza. Alipokosa la kusema aliimba, na Ambakisye akaitikia huku anatambaa, mpaka sauti mbili zikawa mahali pamoja.

Lugano aliungua miguu, lakini si sana. Madaktari walisema atatembea. Hospitali ilikuwa na umeme wake wa akiba, na Subilaga alikaa kando ya kitanda akimshukuru Mungu kwa kila kidole cha miguu ile. Hakujua kwamba gharama yenyewe bado hajaiona.

Aliiona Lugano alipotaka maji. Kikombe kilikuwa mezani, kushoto kwake. Alinyoosha mkono kulia, hewani, mahali ambapo kingekuwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha Subilaga. Mkono ulifumba, ukafumbua.

"Dada," alisema polepole. "Haya ni macho ya nani sasa hivi?"

"Ni yako, Lugano."

"Una hakika?"

Subilaga aliinuka akampa kikombe, akasubiri mpaka amelala, akatoka hadi koridoni. Ambakisye alikuwa amekaa kwenye benchi, kidole kimefungwa bandeji. Subilaga alimwuliza moja kwa moja kama naye amepoteza hapa yake. Ambakisye aliinamisha kichwa.

"Mimi ya kwangu niliipoteza siku nyingi, Mhandisi. Nikiwa kanisani naimba, najiona kutoka benchi la nyuma. Naona kisogo changu. Sikukwambia kwa sababu…" Alitafuta neno. "Ilikuwa raha. Ilikuwa kama kutokuwa na mpaka. Nilidhani pengine hivyo ndivyo malaika walivyo."

Subilaga aliwapima wote. Hakuna aliyekuwa amesalimika. Mmoja alikuwa akijikwaa kwenye ngazi za nyumbani kwake. Mwingine, mtoto wa jirani alipojikata, alilia, akatafuta damu kwenye mguu wake mwenyewe. Subilaga alikuwa amewapa kila mahali, na bei yake ilikuwa pale walipokuwa wamesimama.

Alikwenda kwenye chumba kidogo cha sala cha hospitali. Hakuwa na maneno mengi. "Bwana," alisema, "wewe peke yako ndiye unayeweza kusema hapa, kila mahali. Sisi umetupa hapa moja moja, ndogo, inayotosha miguu miwili. Nami nikaona haitoshi. Nirudishie ya Lugano. Hata kama itachukua muda. Nirudishie ya hawa watu."

Ujumbe wa Dodoma ulipofika Jumatatu, ulikuta jiji linapika kwa mkaa na mhandisi anayekataa kuidhinishiwa kazi yake.

"Lakini utaji unaokoa watu," alisema mkuu wa msafara, mama mmoja mwenye miwani mizito. "Takwimu zako mwenyewe zinasema."

"Unaokoa kweli, mheshimiwa. Ila nilidhani watu wanaofanya kazi pamoja wanahitaji picha moja. Sasa naona wanahitaji kujua mwenzao anaona nini, na nini hawezi kukiona kutoka alipo. Hilo la pili nililifuta. Nipeni muda nilirudishe."

Walimpa muda. Aliutengeneza upya, utaji wenye pindo. Macho ya mtu yalibaki wazi katikati, na ya wenzake yakaonekana pembeni tu, kila moja na jina lake. Mratibu alifundishwa kutenganisha macho, na kusema "sijui" pale asipojua. Na palikuwa na desturi mpya, ambayo haikuhitaji mashine. Kabla ya kila hatua kubwa, kikosi kiliinua utaji, kikatazamana, na kila mtu akasema kwa mdomo wake yuko wapi na mwenzake yuko wapi. Kazi ilichukua muda zaidi. Bwana Mwasomola hakulalamika hata mara moja.

Lugano hakurudishwa chini. Alikaa nyumbani, Atupele akamfundisha kama mtoto. Alimwekea vitu mezani amwulize. Kijiko kiko wapi? Neema yuko wapi? Wewe uko wapi? Siku nyingine alipata. Siku nyingine alijibu "hapa" kwa kila swali.

Mitambo ilipokaribia kupona, na umeme ukiwa bado unakuja na kukatika, Lugano alisema anataka kuwasalimia wenzake. Alifika kantini akichechemea. Bi Sikujua alikuwa anapuliza jiko la mkaa, macho yamejaa moshi.

"Karibu, bwana wa ndani ya bomba!" alimpokea. "Kaa. Leo ndizi na nyama, na ukisema neno baya juu ya Tanga unakula ndizi kavu."

Alikaa mahali pake pa zamani. Subilaga alikaa mwisho wa meza, karibu na mlango. Walizungumza mambo madogo, mvua, bei ya mkaa, harusi ya binti wa mtu. Hakuna aliyemtazama Lugano sana, na wote walikuwa wanamtazama. Alionja mchuzi. Akakunja uso kidogo.

Chumvi ilikuwa mwisho wa meza.

Mkono wake ulianza kunyooka mbele, ukasita juu ya meza tupu. Aliutazama. Aliurudisha, akauweka kifuani kwake, kiganja kimefunguka, kama mtu anayehakikisha kuna nyumba kabla ya kubisha. Kisha akainua macho taratibu, yakapita sahani moja, yakapita ya pili, yakafika kwa mtu aliyekaa ng'ambo ya meza.

"Ambakisye," alisema. "Nipe chumvi hiyo. Hiyo hapo… hapo ulipo wewe."

Bi Sikujua aliacha kupuliza moto. "Alhamdulillahi," alisema, chini kwa chini.

"Amina," alisema Subilaga.

Ambakisye aliichukua chumvi. Hakuitupa wala kuisukuma juu ya meza. Aliinuka, akanyoosha mkono kadiri ulivyoweza kufika, na Lugano akanyoosha wa kwake, na ilibidi wote wawili wainame kidogo.